Pazia la Dirisha la Kusini

Nauza mapazia ya mtumba pale Memorial.
Mteja akisema "dirisha langu", nauliza, lina upana gani?
Naye hunyoosha mikono hewani
kama anayekumbatia mtu mnene.
Miaka kumi na tisa nimepima madirisha ya watu kwa mikono yao.
La kwangu, kule Njoro, linatazama choo cha mwenye nyumba.

Siku ya kikao cha Manispaa tulikalia viti vya plastiki
vyenye jina la ukumbi wa harusi mgongoni.
Bwana Ndanshau wa mikopo akasimama na karatasi zake,
shati limepigwa pasi hadi mikunjo ikawa na ncha,
akasema: kiwanja ni mchango wa mji,
fedha za kujengea mji umekopa,
na ninyi mtaukopa mji.
Nikapata faraja ya kijinga.
Kumbe Moshi nzima, na kipilefti zake zenye maua,
inalala na deni, inajigeuza ubavu huu na huu,
na mlango ukigongwa inapunguza sauti ya redio.

Chumba na sebule, milioni ishirini na nne.
Kianzio, milioni mbili na laki nne:
kikoba, jokofu, na ng'ombe wa Same
ambaye kwa ajili yake kaka hanisemeshi mpaka leo.
Kinachobaki, riba asilimia tano, miaka ishirini,
laki moja na arobaini na mbili elfu na mia sita kila mwezi,
watu wanunue mapazia, wasinunue.

"Una umri gani, mama Naghenjwa?"
Arobaini na sita.
Akabofya kikokotoo. Hakusema kitu.
Akaandika kitu.

Usiku nikapiga hesabu nyuma ya kalenda.
Nitalipa milioni thelathini na nne na ushei.
Yaani nyumba moja, na karibu nusu ya nyingine.
Hiyo nusu anakaa nani?
Kisha nikaanza kujumlisha kodi ya Njoro,
elfu ishirini, elfu hamsini, elfu themanini,
tangu mwanangu ananyonya;
nikaachia katikati, nikazima taa.
Ziko jumla ambazo mtu asizifikie akiwa peke yake.

Wakatuita kuchagua kwenye ramani.
Madirisha ya kaskazini, yanayoona mlima,
yameongezewa milioni moja na nusu.
Mama Aikande, mbele yangu kwenye foleni, akauliza,
"Na siku za mawingu mnaturudishia?"
Ukumbi ukacheka. Bwana Ndanshau akacheka mwisho, kwa adabu.
Mimi nikaweka kidole kusini:
ghorofa ya tatu, upande wa mpunga wa Mabogini,
na kwa mbali, wakichoma miwa, ule moshi wa TPC
unaoangusha majivu kwenye nguo zilizoanikwa.
Mlima nimeuona bure maisha yangu yote.
Sitaanza kuulipia leo.

Sasa ni nguzo na nondo.
Awamu ya pili ya fedha haijashuka, "iko njiani",
utadhani inakuja kwa miguu.
Jumapili nikitoka ibadani napitia pale.
Mlinzi, kijana wa Rombo, amekwisha kunizoea;
ananyoosha kidole juu ya nguzo ya mwisho,
"Wewe uko pale,"
nami natazama hewa yangu,
hewa niliyoitolea kianzio,
kunguru anapita sebuleni.

Kibandani nimetundika pazia moja kwa nyuma,
rangi ya mpunga ulioiva,
futi tano kwa nne, kama mchoro unavyosema.
Wateja wanalishikashika.
Jana mmoja alipanda hadi elfu thelathini na tano,
na mwezi wenyewe huu, biashara imelala.
"Limeuzwa," nikamwambia.
"Mbona halichukuliwi?"
Nikakunja mashuka yaliyokwisha kukunjwa.
"Mwenyewe anajenga."