Cha Mvunguni

Taavet amenifungulia akaunti ya majaribio, siku saba bure,
akaniachia neno la siri kwenye karatasi ya mkate
na amri moja: "Heldur, usiandike unachokipenda.
Andika wanachokitafuta."
Kisha akavaa buti, akatokomea kwenye theluji,
kijana wa miaka ishirini na minne anayekula kwa tovuti ya magodoro
ingawa mwenyewe hulala kwenye sofa.

Basi nimeketi. Viljandi imelala, Februari imeziba madirisha.
Kiwanda cha mbao kiliniaga kwa saa ya ukutani
nayo hutangulia dakika nne.
Chombo hiki kina kisanduku kimoja cheupe.
Unaandika neno, kinakurudishia safu:
wangapi wameliuliza mwezi huu,
wangapi wanaligombania,
mtangazaji atatoa senti ngapi kidole kikiligusa.

Nimeanza na ninayoyajua.
Kuni za mbetula: waulizaji tele,
lakini maduka makubwa yamekwisha kukaa mlangoni.
Jiko la sauna, vivyo hivyo.
Kunoa shoka: watu mia mbili na kumi, bei senti mbili.
Nikacheka peke yangu. Nimenoa mashoka miaka thelathini na mmoja
na ujuzi wote huo haununui njiti ya kiberiti.

Polepole nikaielewa hesabu yake:
neno linavyouma ndivyo linavyolipa.
Mkopo wa haraka, euro nne.
Wakili wa talaka, sita na nusu.
Jeneza la bei nafuu. Hapo niliinuka nikanywa maji.
Nuru ya kijani kando ya tarakimu ilikuwa bado inanikonyeza:
fursa, fursa.

Sikujua kuwa usiku nchi nzima husema hivi,
bila hodi, bila samahani,
kama mtu anayeuliza gizani akijua hakuna aliye macho.
Mbwa amekula zabibu.
Mtoto hataki kuvua kofia.
Harufu ya moshi ndani ya piano.
Je, shemeji anaweza kurithi boti.
Kila swali lina mwenyewe, na kila mwenyewe amegeuzwa moja,
akajumlishwa, akasukumwa hadi kumi iliyo karibu.

Saa nane na dakika nne, yaani saa nane,
vidole vikaandika vyenyewe:
kuunga kanda ya kaseti iliyokatika.
Ushindani: hakuna. Bei: kistari.
Wanaotafuta: kumi kwa mwezi.

Kumi.
Watatu kati yao ni mimi.

Chini ya kitanda mna kaseti kumi na moja.
Leida alikuwa akimsomea mama yake kipofu magazeti,
bei ya siagi, mizozo ya bunge, matangazo ya vifo,
na katikati ya habari anakohoa, anamfukuza paka,
anaita: "Heldur, viazi vina—"
Hapo ndipo ilipokatika.
Mtaka cha mvunguni huinama; niliinama Januari yote,
nikauliza mara tatu kwa maneno yale yale.
Hakuna aliyenijibu. Kumbe nilihesabiwa.

Wanabaki saba.
Mmoja labda yuko Võru, ameshika gundi ya viatu.
Isikie, ndugu, hiyo gundi itatambaa na kushika kila kitu.
Tafuta utepe mwembamba, kata mshazari,
bandika upande wa nyuma, kamwe si ule unaosomwa.
Mengine niliyafundishwa na fundi redio mmoja mzee,
mengine na kaseti mbili nilizoziharibu kabisa
na sitasema alikuwa anasoma nini humo.

Asubuhi Taavet atauliza nimepata wangapi.
Nitasema saba.
Atadhani elfu.

Ukurasa wa kwanza nimeuanza hivi:
Usivute.