Kasi Isiyo Yake

Wimbo ulizaliwa katika banda la kunyolea kondoo,
nje ya Invercargill, Juni ya themanini na nne,
mvua ikija kwa ubavu, kama ilivyo ada yake kule.
Mimi nyuma ya ngoma zilizonuka sufu mbichi,
Struan na besi ya kuazima, waya umegangwa kwa plasta,
na Merenia, gitaa gotini, glavu zimekatwa ncha za vidole,
wiki ya tatu sasa akisaka mstari mmoja wa kiitikio.
Kondoo walitusikiliza. Hawakutoa maoni.

Bendi tuliiita Geti la Tatu,
maana hapo ndipo alipoketi utotoni, juu ya ukuta,
kiwanda cha nyama kule Bluff kikitema zamu ya mchana,
akimtafuta babake miongoni mwa wanaume mia mbili
wenye mabuti meupe ya aina moja.
Alimjua kwa sauti kabla ya sura:
Paora alitoka akiimba.

Alikufa kipupwe kilichotangulia. Mapafu.
Binti hakuwahi kumpigia hata kordi moja.
Na ndani ya wimbo hayumo;
limo kopo la chakula, limo taulo,
zimo funguo zinazoning'inia msumarini.
Nilimuuliza, mara moja tu.
Akasema: wewe piga ngoma.

Pesa tulizipata kwa kunyoa, senti kwa kila kichwa.
Tukaendesha hadi Dunedin, chumba kilichokuwa cha daktari wa meno,
kiti bado kimekazwa sakafuni kwa nati.
Murdo alikuwa na mashine ya njia nne
na maikrofoni mbili, ya pili ikisikia inapotaka.
Mtaka cha uvunguni sharti ainame;
sisi tulilala kifudifudi,
spika ya gitaa chini ya meza, mablanketi juu yake.
Mara ya kwanza uzi wa besi ulikatika.
Mara ya pili ikawa ndiyo, kwa kuwa kanda ilikwisha.
Kikohozi changu kimo mle, kabla ya ubeti wa pili.
Hakitoki.

Santuri mia tatu zilikuja kwa treni mwezi Septemba,
sitini kati yake lebo zimepinduliwa,
upande wa kwanza ukijiita wa pili.
Mama yake Merenia alipika gundi ya unga,
tukabandika majalada jikoni hadi kukacha,
na panya, mashabiki wetu wa mwanzo, wakala kumi na moja.
Ijumaa ya kutoka, duka la Bi Hesketh liliuza tisa.
Nne kwa shangazi mmoja.

Jumapili usiku tuliegesha gari mjini Gore,
kando ya kituo cha petroli kilichofungwa,
kwa sababu hapo ndipo redio ya wanachuo ilikoma kukwaruza.
Mtangazaji akatamka jina letu kana kwamba ni anwani.
Kisha sindano ikashuka,
na swichi, mkono wa nani sijui, ilikuwa thelathini na tatu.

Ngoma zangu zilitembea kwenye matope.
Besi ikawa ng'ombe.
Na sauti ya Merenia ikateremka, ikateremka,
ikapata kifua, ikapata kokoto,
ikawa ya mwanamume aliyechoka anayeimba akivua mabuti.

Struan alishika mlango, akimbilie kibanda cha simu.
Merenia alimkamata mkono wa koti.
Hakusema kitu.
Kioo cha gari kilikuwa na ukungu; alichora mstari, akaufuta.

Mtangazaji akacheka, akaomba radhi, akaanza upya
kwa mizunguko arobaini na tano, kasi tuliyoilipia.
Tukasikika vijana, wenye haraka, wazuri kidogo.
Yeye alikuwa ameshateremka, amesimama mvuani
akiitazama barabara ya Bluff.

Leo watu huniandikia wakitaka kuinunua.
Wanauliza lebo ipi, jalada lina alama ya meno?
Nawaambia yangu haiuzwi, ina mikwaruzo.
Sio uongo.
Swichi ya gramafoni yangu imechakaa,
upande mmoja tu.