Ufa wa Mpini

Ilikuja imeviringishwa katika blanketi la mtoto,
bastola ya marehemu Haldane wa Njoro,
mdomo mpana hata kidole changu cha mwisho
kikaingia, kikazama ukucha.
Niliiweka mizanini: kilo moja na robo.
Matundu sita, yote matupu.
Nikaandika daftarini kama nilivyofundishwa,
chuma kwanza, kisha mbao, kisha kasoro.

Wakili Shavulimo alitoka Kakamega alfajiri kuja kuiona.
Anazo kumi na moja kabatini,
anazijua kama mfugaji anavyojua ng'ombe,
kwa pembe, kwa mama, kwa mwaka wa ukame.
"Hii," akasema, "haikuundwa ipendwe.
Iliundwa kumsimamisha farasi anayekuja mbio."

Tukapanda naye uwanja wa shabaha, ubavuni mwa Menengai.
Risasi za aina yake hazitengenezwi tena;
zilibaki sita, tukala moja.
Mlio haukusema pa. Ulisema ndu,
kifuani kwanza, masikioni baadaye.
Dumu la maji likakosa tumbo.
Mkono wa wakili ukaruka juu kama wa mtu anayekula kiapo,
akacheka, akajipuliza vidole,
na kunguru wa shimo zima wakahama.

Kisha bei.
Sanduku lake la asili lipo: ongeza.
Namba za mtutu na silinda zinalingana: ongeza.
Rangi ya samawati bado imo mifereji: ongeza, ongeza.
Akaigeuza. Ukucha wake ukatembea
juu ya ufa wa mpini, upande wa kushoto.
"Aa. Hapa iligonga kitu. Toa laki mbili."

Laki mbili.

Baba yangu, Kimaru, alikuwa mkamaji wa Haldane.
Bega lake la kulia liko chini kuliko la kushoto,
kila koti humwangukia upande,
na maziwa yaliyomwagika asubuhi ile
yalikatwa kwenye mshahara: shilingi nne.

Chanzo cha kasoro? inauliza safu ya mwisho.
Niliandika: hakijulikani.
Wino ulikuwa mwingi, nikaukausha kwa kiganja.

Jioni nilimsimulia, akimenya viazi.
Hakuuliza imenunuliwa na nani, wala kwa kiasi gani.
Kisu kilisimama.
"Bado ni nzito?"
"Kilo moja na robo."
Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepunjwa sokoni.
"Ilikuwa zaidi."