Jiwe la Tatu Kutoka Mlangoni

Kamati ilinipa mifuko saba ya saruji na neno moja: ziba.
Ukuta wa kaskazini umevimba, walisema,
Pasaka isiukute hivi.

Nikagonga lipu. Ikabanduka
kama ukoko sufuriani,
na chini yake hapakuwa na ukuta mmoja.
Palikuwa na nyumba nyingi, zimebanana,
kila moja imebana pumzi.

Hapa tofali la tembe, udongo mwekundu, mabua ya mtama ndani.
Tembe lenyewe halipo. Pale lilipokuwa, njia ya Kwihara,
sasa pana mashine ya kukoboa.
Juu ya dirisha, kipande cha reli
kimebeba mawe miaka yote hiyo
bila kuuliza treni inapita saa ngapi.
Na juu ya mlango mdogo, linta ya mninga,
maua yamechongwa, na mstari wa Kiarabu
umelazwa kichwa chini.
Aliyeuweka hakujua kusoma,
au alijua, akanyamaza.

Nilimwita Bi Zuwena wa vitumbua, ng'ambo ya barabara.
Akapinda shingo, akaipinda tena, akacheka hadi akashika kiuno:
"Ingieni kwa salama, ndivyo inavyosema.
Kumbe mmenikaribisha siku zote
na mimi napita tu!"

Jiwe la tatu kutoka mlangoni lilinishika mkono.
Lina bonde katikati, laini,
kama ndani ya kiganja.
Hili si jiwe la ujenzi.
Hili limesagiwa.
Magoti ya nani yalipigwa mbele yake,
alfajiri ngapi, ulezi wa mavuno mangapi,
mpaka likabonyea hivi?
Bibi yangu Kalunde alikuwa nalo la namna hii.
Upande mmoja ulipochoka aligeuza wa pili,
akasema jiwe nalo lina mgongo.

Padri Kasubi akaja, kanzu ameipandisha kiunoni.
Akatia kidole bondeni, kikatoka na vumbi.
"Sijui tulilichukua kwa nani," alisema.
Hakusema tulipewa.

Basi nimeziba. Nimekula pesa yao, lazima nizibe.
Reli nimeiziba. Tofali la tembe nimeliziba.
Maandishi nimeyapitishia chokaa nyepesi,
mwenye kuyataka atayapapasa.
Jiwe la tatu nimeliacha wazi.
Kamati imenikata elfu kumi na tano.

Jumapili nilikaa benchi la nyuma
kuona kama rangi imekauka.
Wakati wa sadaka alipita mwanamke mmoja, simjui,
mtoto mgongoni, sarafu mkono wa kulia.
Mkono wa kushoto ukaingia katika bonde lile,
ukazunguka mara moja,
ukatoka,
naye macho yake yako mbele, kwenye kapu,
kama mtu anayechota chumvi gizani
jikoni kwake.