Hasi Kumi na Nane

Barua ilikuwa na mhuri, imekunjwa mara tatu,
jina langu wamelikosea: Mainza badala ya Minza.
Nikawaza, labda huyo Mainza ndiye aliyeachishwa,
mimi kesho nivae mabuti yangu meupe, niende.

Mahudhurio hafifu. Siku ishirini na mbili kwa mwaka.
Afisa utumishi, Bwana Rwechungura, hakuwa mkali.
Alinisogezea kiti, kisha akanisogezea kalamu.
Akasema kiwanda si hospitali. Akasema pole.
Yote mawili aliyasema kwa moyo.

Miaka sita nilisimama kwenye chumba cha baridi,
hasi kumi na nane, mlango mzito kama wa benki,
nikipanga minofu ya sangara iendayo kwa watu
ambao Ilemela hawajaisikia hata kwa bahati mbaya.
Na damu yangu haitaki baridi. Daktari pale Bugando
alinichorea juu ya bahasha ya dawa:
hii ya duara ni ya wenzako,
hii iliyopinda ni yako.
Selimundu.
Nimezaliwa na mundu, wala sina shamba.

"Sasa mtu wa hivyo," dada yangu Kwandu aliuliza,
"barafuni ulifuata nini?"
Nilifuata mshahara.
Nilifuata kadi ya bima, ile yenye picha nimekodoa macho,
iliyokufa kabla sijamaliza mchele wa mshahara wa mwisho.

Chumba changu kiko Mabatini, juu, kati ya mawe,
ngazi mia moja na nne, nimezihesabu kwa magoti.
Maumivu yalikuja usiku wa Alhamisi.
Hayakuwa na habari kwamba nimeachishwa;
yalifika saa tisa kama mwenye zamu,
yakaanza kwenye nyonga, yakashuka kwenye shini.
Nilikunywa maji, nikajifunga khanga mbili na blanketi,
na katikati ya kuuma meno nikacheka:
leo hakuna wa kumpigia simu kumwomba ruhusa.

Walikuja na ushauri, kila mmoja na wake.
Uza vocha. Kaanga maandazi. Jifunze cherehani.
Mchungaji akasema nisimame katika imani,
nikamwambia kusimama ndiko kulikonishinda.

Nilikaa nikajiuliza, bila haraka, kama mtu
anayepekua mfuko wa koti la zamani:
Minza, ukiondoa kiwanda, unajua nini?
Najua uzito wa mnofu kabla ya mzani.
Najua samaki wa jana akijifanya wa leo.
Na tarakimu hazijawahi kunidanganya mara mbili.

Mama Nyangeta wa mwaloni Kirumba alinisikia.
Akaleta daftari lenye magamba kati ya kurasa,
madeni ya dagaa ya tangu masika,
wadaiwa wameandikwa kwa sura zao:
Yule wa Kahama mwenye pengo. Mnene wa Alhamisi.
Siku nne nilimtafutia fedha zake mle ndani.
Akalipa. Akaleta mwenzake. Mwenzake akaleta shemeji.

Sasa asubuhi naketi penye dagaa walioanikwa,
mgongo kwenye jiwe lililokwisha kupata jua,
chupa ya maji pembeni, kalamu sikioni.
Siku mguu ukikataa, daftari lenyewe
hupanda ngazi mia moja na nne
kwapani mwa mtoto wa Mama Nyangeta.

Sisemi nimepona. Sisemi nimepata.
Mwezi uliopita nilinunua vidonge vya nusu mwezi,
na mwenye nyumba ameanza kunisalimia kwa kukohoa.
Kuna usiku nauota ule mlango mzito,
naota naufungua, nafurahi, kisha naamka na aibu.

Juzi kliniki, nesi alijaza fomu upya.
Umri. Kata. Jina la karibu.
Akafika kwenye KAZI, akaninyanyulia macho.
Nilitazama dirishani, ziwa limetulia kule chini,
mabati ya kiwanda yakimetameta.
Nikamwambia: mtunza hesabu.
Ila, dada, kama hutojali,
hapo andika kwa penseli.