Wa Kumi na Sita

Kanuni zilifika Shinyalu Jumanne, kwa pikipiki,
kurasa saba, mhuri wa serikali, pembe zimelowa mvua.
Nilizisoma nimesimama. Kisha nikazisoma nimeketi.
Kanuni ya tano, kifungu kidogo cha pili:
maziko yafanywe ndani ya saa arobaini na nane,
waombolezaji wasizidi kumi na watano,
pasiwe na mkesha, pasiwe na sufuria motoni,
naibu wa chifu ahakikishe.

Naibu wa chifu ni mimi.

Alhamisi akafa Mwalimu Muhonja.
Si ule ugonjwa uliomwondoa, ni sukari,
lakini kanuni haiulizi umekufa kwa nini.

Alfajiri nikapita nyumba kwa nyumba
na barakoa iliyonirudishia harufu ya chai yangu mwenyewe,
nikiwasihi watu wasije.
Nikamwambia Khayanga, aliyelipiwa karo na marehemu mihula minne.
Nikawaambia wapigaji wa isukuti.
"Na ngoma zinahesabiwa?" Lumbasi aliniuliza, bila kucheka.
"Zangu ni tatu. Mama, baba na mtoto."
Nikafungua karatasi, nikatafuta.
Karatasi haikujua ngoma ni nini.

Tukawachagua kama timu ya mpira:
watoto wake watano, wakwe wawili,
dada yake Amukhoye, mchungaji,
wachimba kaburi wanne,
mjukuu mmoja aliyepatikana kwa kura ya vijiti,
na afisa wa afya, bomba la dawa mgongoni,
ambaye jina la marehemu alilisoma kwenye kibali.

Nilisimama penye mchaichai, kalamu mkononi, nikahesabu.
Nikahesabu alivyonifunza yeye, darasa la kwanza,
kwa vifuniko vya soda kwenye sakafu ya samadi:
kiguse, ndipo ukitaje; usitaje usichokigusa.
Asubuhi alinituma nihesabu safu yetu,
na kila asubuhi nilileta hesabu iliyopungua mmoja.
Darasa linacheka. Yeye ananiinamia, pumzi yake tangawizi:
"Na wewe je, Shitanda? Wewe si mtu?"

Kumi na watatu. Kumi na wanne. Kumi na watano.
Jeneza linateremka, kamba za katani zinalia,
na wewe je, Shitanda.

Nikafunga kalamu.
Hesabu yangu imetimia, mwalimu, baada ya miaka arobaini,
na kutimia kwake ni kosa:
faini ya elfu ishirini, au miezi sita, au vyote viwili.
Nikajiondoa. Nikapita nyuma ya jiko,
nikajipenyeza kwenye ua wa michongoma, shati likachanika.

Ng'ambo, katika mahindi yaliyofika kiunoni,
walikuwa wamesimama.
Mtu mmoja kwa mstari, nafasi kati yao kama ya kupandwa,
midomo imefungwa kwa leso, kwa soksi, kwa kipande cha sare ya shule.
Khayanga. Mama wa duka la mafuta ya taa. Mapacha wa kinu.
Lumbasi bila ngoma, vidole vitatu pajani, polepole,
mdundo usiomfikia hata aliye mbele yake.
Hadi kule mtoni, vichwa na majani, vichwa na majani.

Kanuni ilisema *ndani ya boma*.
Nilizitoa mfukoni nikazikagua zote saba.
Mahindi hayakutajwa.

Nikatafuta mstari mtupu.

Jioni fomu ikaenda Kakamega.
Marehemu: Muhonja Shivachi. Waombolezaji: 15.
Maoni ya afisa msimamizi: kalamu ilikaa pale kitambo
mpaka wino ukafanya doa, kisha nikaandika, Hakuna.

Siku hizi zile kanuni zimefutwa, kwa tangazo la sentensi moja.
Mahindi yalivunwa Agosti.
Mwenye shamba alinijia na daftari lake,
akasema gunia moja limepungua.

Nikamwambia ahesabu tena.