Za Nyumbani

Mvua ile haikualikwa. Novemba,
karanga zimeshang'olewa, ziko mafungu shambani,
mizizi juu, kama kuku wa sokoni,
nayo ikaja usiku mmoja, ikanyesha hadi alfajiri,
ikaenda zake bila kuaga.

Latir akasema, zitakauka.
Zilikauka kwa nje.
Tukajaza magunia kumi na manne, tukayapanga
chumba cha nyuma, sakafu ya udongo,
kwenye ukuta ule unaotoka jasho.

Mimi nilijua kwa pua kwanza:
harufu ya blanketi lililokunjwa bichi.
Nikatia mkono katika gunia la chini. Joto,
joto la kitu kinachopumua.

Februari akaja mnunuzi kutoka Kaolack
na mizani, na kisu kidogo cha mfukoni.
Alipasua karanga mia, moja moja,
juu ya kitambaa cheupe.
Yenye ukungu wa kijani, kushoto.
Iliyosinyaa, kushoto.
Yenye unga wa manjano kwenye kitovu, kushoto.
"Chambueni," akasema mwisho. "Nitarudi Alhamisi."

Siku tatu, wanawake sita uani, nyungo mapajani,
vidole vikijua kabla ya macho.
Nzuri gunia hili: hizo zina safari,
zitapanda meli, zitapimwa na watu wenye glavu,
zitaliwa na watoto nisiowajua majina.
Mbaya beseni lile.

Husemwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Kibaya chetu hakikwenda popote.
Kilisagwa, kikawa mchuzi mzito juu ya uwele,
pilipili nyingi, ili uchungu usisikike.

Hivyo alivyokula mama mkwe, Tening,
miaka yote, akikwangua chungu:
"Niachieni hizi, mimi zanitosha."
Msimu wa kupanda macho yake yakawa manjano.
Daktari aliuliza anakula nini.
Latir akajibu, karanga, kama kila mtu.

Ini, wakasema.
Pale ambapo mtu humweka ampendaye.

Neno lenyewe nimelipata baadaye, redioni,
nikiwa nimeinama juu ya kinu: sumukuvu.
Maji hayaioshi. Moto wa jikoni hauiui.
Niliacha kutwanga, mchi ukiwa hewani.

Jana Dibor, miaka minne, alichuchumaa kando ya beseni,
akaokota moja, kuvu yake laini
kama vumbi la bawa la kipepeo,
akaipuliza, fuu,
ikawa safi kiasi cha macho kuamini,
akaipeleka kinywani.

Nilimkamata mkono. Alilia.

Nimechimba shimo nyuma ya choo.
Beseni zima nimelimwaga humo, kilo tisa,
na Latir amesimama mlangoni, anahesabu kimya,
kilo kwa kilo, deni la mbegu.

Asubuhi kuku wamekwisha kufukua.
Narudishia udongo kwa mguu.
Wanasogea kidogo, wananingoja niondoke.